Ukiambiwa ni salama, uliza walipima nini

Hebu tafuta picha za visiwa vya Bikini kwenye simu yako. Bahari ya buluu, mchanga mweupe, minazi imejipanga ufuoni. Poa kabisa, si ndiyo? Sasa jiulize, mbona wenyewe hawaishi huko?

Kati ya 1946 na 1958, Marekani ililipua mabomu 67 ya nyuklia ya majaribio katika Visiwa vya Marshall, Bahari ya Pasifiki. Mabomu 23 yalilipuliwa Bikini. Lile la Machi 1, 1954 lilikuwa na nguvu takriban mara 1,000 kuliko la Hiroshima. Wakazi 167 walikuwa wamehamishwa mapema 1946, wakiamini watarudi.

Miale ya nyuklia haina rangi wala harufu. Ili kujua imeingia wapi, wanasayansi walipima samaki, ndege na kaa wa nazi, yule kaa mkubwa anayepanda minazi. Udongo wa huko una potasiamu kidogo mno, kwa hivyo mnazi hufyonza siziamu-137, ambayo hufanana nayo. Kaa akila nazi, siziamu inaingia kwenye nyama yake. Strontiamu-90 nayo hufanana na kalisiamu, basi hukaa kwenye gamba. Na kaa huyu akijivua gamba, hulila! Sumu iliyotoka inarudi mwilini.

Lakini si kaa pekee anayekula nazi. Mwaka 1968 Marekani ilitangaza kwamba wenyeji wanaweza kurudi, na familia kadhaa zikarudi. Baadaye vipimo vya miili yao vikaonyesha siziamu inapanda, chanzo kikubwa kikiwa chakula cha hapo hapo kisiwani. Mwaka 1978 wakahamishwa tena.

Hapa ndipo tuna neno. Kupima si kosa. Kosa ni kumwambia mtu arudi nyumbani kabla ya kujua vizuri atakula nini na kiasi gani, halafu jibu lije kupatikana mwilini mwake.

Siziamu-137 hupungua kwa nusu kila baada ya miaka 30 hivi. Ile ya 1954 bado haijaisha.

Kwa hivyo kijana, siku ukiambiwa mahali fulani ni salama, usitosheke na tangazo wala picha. Uliza: mlipima nini? Mlipima tunachokula? Na matokeo yako wapi, tuyasome wenyewe? Watu wa Bikini walipata majibu wakiwa wameshakula.