Kingamwili Kupungua Si Kinga Kuisha

Kipimo cha damu kikionyesha kwamba kingamwili dhidi ya korona zimepungua, wengi huamua papo hapo kuwa kinga imekwisha. Imani hiyo ni potofu, na imewatia watu hofu bure.

Kingamwili hukinasa kirusi kikiwa bado nje ya seli. Kikishapenya ndani, hazikifikii tena. Hapo kazi ni ya seli T, chembe nyeupe za damu zinazokomaa katika thaimasi, tezi iliyo nyuma ya mfupa wa kidari. Seli T haikioni kirusi kizima. Seli iliyoambukizwa hukatakata protini zilizomo ndani yake, za kirusi zikiwemo, kisha huvianika vipande vyake, vya asidi amino nane hadi kumi hivi, juu ya utando wake. Seli T ya kuua hupita ikivipapasa. Ikikuta kinacholingana na kipokezi chake, hung'ang'ania hapo hapo, hutoboa utando na kupenyeza vimeng'enya vinavyoifanya seli ile ijiue kabla haijamwaga virusi vingi zaidi. Seli T saidizi nazo huzichochea seli B zitoe kingamwili bora, kwa hiyo hata hizo kingamwili zinazosifiwa zinazitegemea seli T.

Maambukizi yakipita, seli T nyingi hufa, ila baadhi hubaki zikiwa na kumbukumbu. Mwaka 2020 watafiti wa Singapore walichunguza damu ya watu 23 waliopona SARS ya 2003, ugonjwa wa kirusi cha jamii ya korona. Miaka 17 ilikuwa imepita, na seli T zao zilikuwa zingali zinakitambua kirusi kile. Omicron, aina mpya ya kirusi cha korona, ilipogunduliwa kusini mwa Afrika, Novemba 2021, ilikuwa na mabadiliko zaidi ya 30 kwenye protini ya mwiba, na kingamwili nyingi zilishindwa kuishika. Watafiti wa Cape Town walikuta asilimia 70 hadi 80 ya mwitikio wa seli T umebaki, maana vipande vinavyotambuliwa ni vingi na kirusi hakiwezi kuvibadilisha vyote.

Ni kweli kwamba seli T hazimzuii mtu kuambukizwa. Kazi yake kubwa ni kuzuia ugonjwa usiwe mkali. Wazee, ambao seli hizo hudhoofika kwa umri, bado wanahitaji chanjo ya nyongeza. Lakini kipimo cha kingamwili hakihesabu seli T hata moja, na anayekitumia kutangaza kwamba kinga imekwisha anatangaza asichokipima.