Kabla ya Rungwe, tembeeni Itumba

KONA YA SONGWE
Na Lusajo Swila

Kwaya au klabu ya shule ya Itumba ikikaa kupanga safari ya siku moja, jina la kwanza kutajwa huwa la mlima. Utatajwa Rungwe, wenye kilele cha takriban mita 2,960. Utatajwa Mlima Mbeya, mita 2,820 hivi. Mwenye kujali mfuko atasema twende tu kwenye milima ya Bundali, ni hapahapa Ileje. Ni vigumu kumpata atakayeinua mkono na kusema: tuizunguke Itumba yenyewe kwa saa mbili na nusu, au Isongole jirani yake, kisha tule tukalale. Pendekezo hilo likitolewa litachekwa, kwa kuwa kutembea mjini hakuhesabiwi kuwa safari. Nashikilia kwamba hapo tumepindua mambo. Matembezi mafupi ya mjini ndiyo magumu kupanga, ndiyo yanayofundisha zaidi kwa shilingi ileile, na ndiyo yangepaswa kutangulia.

Mlima hupangwa kwa hesabu, na hesabu yake huanzia mwisho. Swali la kwanza ni giza litaingia saa ngapi. Huku kwetu jua hutuhurumia kidogo: tuko magharibi ya Dar es Salaam na saa zetu ni zilezile, kwa hiyo linazama dakika 20 hadi 30 baada ya kuzama kule, kiasi cha saa 12 na nusu jioni mwezi Juni. Kutoka hapo unarudi nyuma. Mwaka 1892 mpanda milima wa Scotland, William Naismith, aliandika kanuni ambayo bado inatumika: saa moja kwa kila kilomita 5 za njia, na saa moja nyingine kwa kila mita 600 za kupanda. Tuseme kikundi kinaanzia penye mwinuko wa mita 1,600, na njia ya kwenda kilele cha Rungwe ina kilomita 7. Kanuni inatoa saa tatu na dakika 40, kwa mtu mwenye mapafu mazuri, asiyepumzika, kwenye njia kavu. Wape vijana 40 wanaosubiriana kwenye tope la msituni, zinakuwa saa tano. Kushuka, weka saa tatu na nusu. Sasa ongeza barabara. Itumba hadi Mpemba ni takriban kilomita 50 za lami. Mpemba mnaingia barabara kuu ya TANZAM pamoja na malori ya Zambia na Kongo, mnapita Vwawa, mnalikatisha Jiji la Mbeya hadi Uyole, ndipo mnakunja kulia kuelekea Tukuyu. Kosta ikiondoka Itumba saa 10 alfajiri, si ajabu ikafika chini ya mlima saa 3 asubuhi. Kileleni saa 8 mchana, chini saa 11 na nusu jioni, nyumbani saa 5 usiku. Imebaki saa moja ya akiba kabla ya giza, na hapo hakuna aliyeteguka kifundo cha mguu. (Angalizo kwa mwenye kukodi gari: wilayani Rungwe nako kuna Isongole, na si hii yetu ya mpakani. Andika wilaya kwenye makubaliano.)

Hesabu hiyo inazaa amri moja tu, nayo ni saa ya kugeuka. Ikifika saa 8 mchana, popote mlipo, hata kama kilele kinaonekana, mnarudi. Mwalimu au kiongozi asiyeweza kutoa amri hiyo mbele ya vijana wanaolalamika asiwapeleke mlimani. Yaliyobaki yanajulikana. Mvua zetu huanza Novemba na kuendelea hadi Aprili au Mei, kwa hiyo mlima ni wa kiangazi. Juu kuna baridi, kwani kila mita 1,000 za kupanda hupunguza joto kwa nyuzi 6 hivi, bado upepo. Msitu wa Rungwe ni hifadhi iliyo chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS, na ni miongoni mwa maskani machache ya kipunji, nyani ambaye sayansi ilimtangaza mwaka 2005 ingawa wenyeji walikwisha kumjua kwa jina. Huingii humo bila kibali na mwongozaji. Ukishayajua hayo, mlima umekwisha kukupangia kila kitu: mwisho wa safari ni kilele, njia ni ileile, na anayeijua umemlipa. Kinachobaki kwako ni nidhamu.

Mji haukupi hata kimoja cha hivyo. Hauna kilele, hauna njia iliyochongwa, na hakuna mahali ambapo mtu atasema hapa ndipo tulipokuwa tunakuja. Ndiyo maana matembezi ya mjini yasiyopangwa huishia kuwa kuzurura, na wanaoyadharau wanakuwa na haki. Tazama Mji Mkongwe wa Zanzibar, ulioingia katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000. Waongoza wageni wa pale humaliza kazi yao kwa saa mbili au tatu, tena katika eneo ambalo mtu mwenye haraka hulikatisha kwa dakika 20. Mwongozaji mzuri hakuonyeshi majengo 30. Anashika uzi mmoja, tuseme biashara ya watumwa, anakupitisha sokoni, anakufikisha Mkunazini, ambako kanisa la Kianglikana lilianza kujengwa mwaka 1873 mahali palipokuwa soko la watumwa, na kufika hapo jengo linajieleza lenyewe kwa sababu vituo vya nyuma vimekwisha kukuandaa. Ufundi wote umo katika kuchagua uzi na kukubali kuyaacha mengine, hata yale mazuri.

Nasikia mtu akisema Itumba si Mji Mkongwe, haina milango ya nakshi. Kweli haina. Lakini uzi inao, tena mnene: mpaka. Julai 1, 1890, Uingereza na Ujerumani zilitia saini mkataba mjini Berlin, na moja ya mistari waliyoichora ilifuata Mto Songwe kupanda kutoka Ziwa Nyasa. Walambya wakajikuta ng'ambo zote mbili, na mpaka leo Kilambya na Kindali vinasemwa Ileje na vinasemwa Chitipa, Malawi. Mwaka 1975 ikaanzishwa Wilaya ya Ileje, ikiwa ndani ya Mkoa wa Mbeya. Mwaka 2016 ikahamia Mkoa mpya wa Songwe, na makao ya mkoa yakawa Vwawa. Kisha lami ya Mpemba hadi Isongole ikabadili umbali wa kila kitu, kuanzia gunia la mahindi hadi mgonjwa wa rufaa. Hayo yote yanaweza kuulizwa mtaani kwa miguu. Mzee wa miaka 65 alikuwa kijana wakati wilaya inaanza na anaweza kusimama penye jengo la halmashauri akaeleza palikuwa na nini. Muuza duka anaweza kuonyesha bidhaa ipi imetoka Mbeya na ipi imevuka mto. Mbadilisha fedha wa Isongole anaweza kuwaeleza watoto kwa nini kwacha anayoshika si ile ya Tunduma: ya Malawi ilianza kutumika mwaka 1971, ya Zambia mwaka 1968, na jina likabaki moja huku thamani zikiachana mbali. Sioni somo la uraia darasani linaloweza kufanya kazi hiyo kwa nusu saa.

Ugumu unaanza hapo. Kilomita 3 za mtaani hutembewa kwa chini ya saa moja, kwa hiyo katika matembezi ya saa mbili na nusu watu wanasimama zaidi ya wanavyotembea. Mlimani mpangaji anapanga mwendo, mjini anapanga kusimama. Kila kituo lazima kiwe na kivuli, kiwe na nafasi ya watu 30 bila kuziba mlango wa duka la mtu, na kiwe mbali na spika ya kibanda cha nyimbo. Lazima pawe na mtu aliyeambiwa mapema kwamba ataulizwa, na akubali, kwa sababu kumvamia muuza nyanya na kundi la wanafunzi wenye madaftari ni utovu wa adabu. Vituo vitano vinatosha. Cha saba hakuna atakayekisikiliza. Siku nayo ina maana yake, maana mtaa wa siku ya gulio na mtaa wa Jumanne ya kawaida ni mitaa miwili. Mwisho uangukie kwa mama lishe aliyeambiwa idadi tangu jana. Anayepanga inambidi aitembee njia mwenyewe kwanza, saa ileile ya siku, akiwa na saa mkononi, jambo ambalo wapangaji wengi wa safari za mlimani hulikwepa kwa kumtegemea mwongozaji.

Pingamizi zipo, na nyingine ni nzito. La kwanza, kwamba mji wetu tunaujua. Tunaujua kwa njia ya kila mtu kwenda kwake: nyumbani, shule, sokoni, kanisani. Huko Toronto, Canada, tangu mwaka 2007 wakazi huongozana wenyewe kwa wenyewe mitaani mwao kila Mei, kwa kumkumbuka Jane Jacobs, mwandishi wa masuala ya miji aliyefariki mwaka 2006. Wanaohudhuria ni watu wanaoishi palepale, na bado wanajifunza. La pili, kwamba mpakani kuna vyombo vya dola, na kundi lenye simu za kupiga picha litaleta shida. Hili ni la kweli, na dawa yake ni barua: mtendaji wa kata ajue, wakuu wa kituo cha mpaka wajue, simu zikae mfukoni pale zinapokatazwa. Kuandika barua hiyo na kufuatilia majibu yake ni sehemu ya somo. Wanaotaka mpaka mkubwa zaidi wana Tunduma, yenye kituo cha pamoja cha forodha kilichozinduliwa mwaka 2019 na reli ya TAZARA, lakini kule msongamano wa malori unafanya kundi la watoto kuwa mzigo. Mimi ningeanzia Isongole.

La tatu ndilo zito. Mlima unamfundisha kijana uvumilivu na kumpa kitu cha kukumbuka, mambo ambayo kituo cha mbadilisha fedha hakiwezi kumpa. Nakubali. Kijana wa Ileje anayemaliza shule bila kufika juu ya mlima wowote amepunjwa, na sitaki safu hii isomwe kama wito wa kufuta safari za Rungwe. Ila wapo wanaosema huku watu hupanda vilima vya Bundali kila siku kwenda shambani, kwa hiyo kupanga ni mbwembwe. Hao wanachanganya mambo mawili. Mkulima hupanda kwa mwendo wake, kwa njia yake, na akichoka anakaa. Kundi hupanda kwa mwendo wa aliye wa mwisho, na asipojulikana ni nani, saa ya kugeuka itapangwa kwa mwendo wa walio mbele, huku wa nyuma wakikutwa na giza msituni.

Ratiba yenyewe basi haina utata. Matembezi ya Itumba yanaweza kufanyika Machi, katikati ya mvua, kwa mwavuli na bila kosta, asubuhi ya Jumamosi moja. Shule zinapofunga Juni na Rungwe ikawa kavu, kiongozi atakuwa amekwisha kujua nani hutii saa, nani hupotea kundini akinunua karanga, na nani wa kuwekwa mbele kwa sababu hutembea taratibu kuliko wote.