Shemeji na Babu Yake wa Manowari

Msomaji wangu, mwezi huu tuwaweke kando kidogo mawifi na mahari. Nataka tuongee kuhusu wakwe waliokwisha kufa zaidi ya miaka mia iliyopita, maana hao nao wana namna yao ya kuingia kwenye ndoa za watu.

Shoga yangu mmoja, mzaliwa wa Kisauni, Mombasa, kaolewa na Mwingereza. Ndoa tamu, mtoto yuko njiani. Siku moja baba mkwe kaandika barua. Eti katika ukoo wao yumo ofisa wa jeshi la majini aliyetumika Zanzibar kwenye manowari HMS London, akikomboa watumwa. Akamalizia kwa furaha kabisa kwamba pengine babu yao ndiye aliyewakomboa wazee wa mkwewe. Mzee hakuwa na nia mbaya. Lakini shoga yangu alikaa siku mbili hasemi na mumewe. Aliponipigia simu aliniuliza, "Kwani mimi nimeolewa au nimekombolewa?"

Nikamwambia kabla hamjatupiana vyombo, mtafuteni huyo babu mumjue.

Na kwa kweli, ofisa wa majini wa Kiingereza ni rahisi kumfuatilia kuliko bwana wa mtu anayezima simu! Tangu 1814 serikali yao imekuwa ikichapisha Navy List, kitabu cha majina ya maofisa, vyeo vyao, na meli walizopangiwa. Ukishapata jina na cheo, unaingia kwenye Nyaraka za Taifa za Uingereza, pale Kew, London. Kuna mafungu ya madaftari yenye alama ADM 196, yanayoonyesha kila meli aliyopanda ofisa, tarehe ya kuingia na ya kutoka, na maoni ya manahodha wake. Mengi unayapata kwenye tovuti yao bila kukata tiketi ya ndege. Ila mabaharia wa kawaida wana madaftari yao mengine, usije ukamsaka ofisa kwenye rejista ya wapishi.

Shemeji alimpata. Luteni, miaka ya mwisho ya 1870. Nahodha mmoja kamwandika kuwa ni mwenye bidii, mwingine kasema ni mkali wa ulimi. Shoga yangu alicheka sana hapo, kasema kumbe ni ya kurithi. Baadaye palikuwa na pengo la karibu miaka miwili bila meli, shemeji akadhani babu alifukuzwa. Wala. Ofisa asiye na kazi aliwekwa nchi kavu kwa nusu mshahara, akisubiri kuitwa. Fikiria mke wake alivyobana matumizi.

Sasa tuje kwenye lile la kukomboa. HMS London ilikuwa manowari kuukuu iliyoshushwa majini 1840. Ilitia nanga bandarini Zanzibar kuanzia 1874 hadi 1883, ikawa kituo, na kazi ya kukimbiza majahazi ilifanywa na mashua zake ndogo, hasa kuzunguka Pemba. Haikuwa mchezo. Desemba 1881 nahodha wake, Charles Brownrigg, aliuawa akipambana na jahazi la watumwa.

Lakini kulikuwa na pesa pia. Manowari ilipokamata jahazi, serikali ilitoa tuzo kwa hesabu ya watumwa waliokombolewa au kwa ukubwa wa chombo, na mgawo ulifuata vyeo. Kabla ya hapo, miaka ya 1860, yalichomwa moto hata majahazi ya wafanyabiashara wasio na hatia, na malalamiko yakafika mbali. Kwa hiyo huyo luteni alikuwa shujaa, na alikuwa pia mtu aliyelipwa kwa vichwa. Mimi sioni kwa nini ukoo uchague moja. Shemeji alisema afadhali ajue yote kuliko kumsimulia mwanawe nusu.

Kilichomchoma shoga yangu ni kingine kabisa. Katika kurasa walizozisoma, upepo umeandikwa, hali ya hewa imeandikwa, jina la kila ofisa lipo. Waliotolewa kwenye majahazi ni idadi tu. Ukoo wake unatokana na watu walioshushwa Frere Town, makazi ya wamisheni yaliyoanzishwa 1875 pale Kisauni, wakabatizwa majina mapya. Utawatafutia wapi kwenye ADM 196?

Basi wakaenda Mombasa kwa bibi yake, mzee wa miaka tisini na kitu. Nilikuwepo. Shemeji kakaa mkekani na kinasa sauti, anaamkia "Shikamoo bibi" kwa lafudhi yake ile. Bibi hakujali manowari hata kidogo. Alisema bibi wa mama yake alikuwa Mmakua, aliletwa akiwa mtoto, na mpaka anakufa alikataa kuitikia jina la ubatizo akiwa jikoni kwake. Kisha akalitaja jina lenyewe, taratibu, mara mbili.

Hakuna anayejua ni mashua ya nani iliyomshusha, na shoga yangu kakataza watu kubahatisha. Barua imeshapelekwa Uingereza na nakala ya madaftari pamoja na kanda ya bibi. Wiki iliyopita baba mkwe kajibu, mistari mitatu tu. Anaomba radhi kwa barua ya kwanza, na anauliza jina la yule bibi linaandikwaje, maana anachora upya mti wa ukoo.