Mzaliwa wa Nkowe Hapaswi Kupanga Foleni ya Wageni

Mjadala wa uraia katika nchi yetu umekwama kwa miaka mingi kwenye neno moja: uraia pacha. Wanaoutaka wanasema ni haki. Wanaoupinga wanasema hakuna awezaye kuwatumikia mabwana wawili. Katikati ya mabishano hayo limepotea swali jingine, jepesi kisheria lakini zito kiutu. Mtanzania wa kuzaliwa aliyepoteza uraia wake, na ambaye sasa yuko tayari kuuacha wa ugenini ili arudi kwao, arudi kwa mlango upi?

Jibu la sheria linasikitisha. Sheria ya Uraia Namba 6 ya mwaka 1995 inamwondolea uraia mtu mzima aliyechukua kwa hiari uraia wa nchi nyingine. Akishaupoteza, sheria hiyo haimpi haki ya kuurejea kwa sababu tu alizaliwa nao. Anaelekezwa kwenye uraia wa tajnisi, ule ule unaoombwa na mgeni ambaye hakuwahi kuwa na ndugu, kaburi wala shamba katika nchi hii.

Tuchukue mfano wa kufikirika wa mzaliwa wa Nkowe, wilayani Ruangwa. Kitovu chake kimezikwa huko na wazazi wake wamelala huko. Alikwenda Uingereza kusomea uuguzi, akaajiriwa, akazaa watoto, na hatimaye akachukua pasipoti ya huko. Miaka 20 imepita. Baba amefariki na kuacha mikorosho, na mwana anataka kurudi moja kwa moja. Sheria inamtaka awe ameishi nchini mfululizo kwa miezi 12 kabla ya kuomba, na katika miaka 10 iliyotangulia miezi hiyo awe ameishi hapa kwa jumla ya miaka isiyopungua 7. Kwa hesabu hiyo atasubiri yapata miaka 8 kijijini kwao, akiishi kwa vibali. Ombi lake likikataliwa, Waziri halazimiki kumweleza sababu.

Katika kusubiri huko, mikorosho je? Kifungu cha 20 cha Sheria ya Ardhi Namba 4 ya mwaka 1999 kinasema asiye raia hagawiwi ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji. Mwana aliyepalilia shamba hilo utotoni anasimama mbele yake kama mwekezaji kutoka nje. Na hata akifanikiwa mwishoni, haurudishiwi mkononi uraia ule aliozaliwa nao. Anapewa wa tajnisi, ambao Waziri anaweza kumnyang'anya kwa sababu zilizotajwa katika sheria, jambo lisilomgusa raia wa kuzaliwa.

Nitaambiwa kwamba Serikali imekwisha kulishughulikia suala hili kwa hadhi maalum. Ni kweli kwamba Katiba Inayopendekezwa ya mwaka 2014 iligusia hadhi ya watu wenye asili ya Tanzania, na kwamba muswada wa marekebisho ya sheria uliowasilishwa Bungeni mwaka 2024 uligusa Sheria ya Uhamiaji na Sheria ya Ardhi kwa ajili yao. Hatua hiyo nainunua, maana inampunguzia mtu adha ya viza na wasiwasi wa ardhi. Lakini hadhi maalum inamhudumia anayetaka kubaki raia wa kwingine. Yule anayetaka kuwa Mtanzania tena, na Mtanzania tu, haimjibu. Hapigi kura kwa hadhi maalum, wala hagombei udiwani wa kata yake.

Wapo majirani waliolitatua jambo hili bila nchi zao kutikisika. Ethiopia, kama sisi, haitambui uraia pacha. Hata hivyo sheria yake ya uraia ya mwaka 2003 inasema aliyekuwa Mwethiopia atarejeshewa uraia akirudi kuishi nchini, akiukana ule wa kigeni na kuwasilisha ombi. Msumbiji, ng'ambo ya Ruvuma, iliweka katika Katiba yake ya mwaka 2004 njia ya kurejea uraia kwa aliyeupoteza, akirudi kuweka makazi nchini na kutimiza masharti ya sheria. Kenya ilikwenda mbali zaidi: Ibara ya 14 ya Katiba ya mwaka 2010 inampa Mkenya wa kuzaliwa haki ya kuurejea uraia wake kwa kuomba, na Ibara ya 78 inawazuia maofisa wa dola kuwa na uraia wa nchi mbili. Hofu ya usalama ilijibiwa kwa kifungu, pasipo kumfungia mlango kila mtu.

Wala sisi si taifa bahili. Nachingwea iliwapokea wapiganaji wa FRELIMO na kuwatunza hadi walipokwenda kujenga nchi yao huru mwaka 1975. Miaka ya karibuni tumewapa uraia wakimbizi wa Burundi wa mwaka 1972 zaidi ya 160,000, na Afrika nzima ikatusifu kwa haki. Dola iliyoweza kumwita mkimbizi ndugu inashindwaje kumpokea mwana aliyerudi?

Wapinzani wanapenda methali: mkataa kwao mtumwa. Sawa. Lakini anayerudi na kuirudisha pasipoti ya kigeni amekataa kwao, au amekukiri mbele ya sheria?

Ninachodai ni kifungu kimoja katika Sheria ya Uraia. Raia wa kuzaliwa aliyeupoteza uraia kwa kuchukua wa nchi nyingine arejeshewe kwa kuomba, akithibitisha kuzaliwa kwake na kuahidi kuukana ule wa kigeni ndani ya muda uliowekwa, ili asije akabaki bila nchi yoyote wakati faili lake likizunguka ofisini. Arejeshewe ule ule wa kuzaliwa. Akikataliwa, apewe sababu kwa maandishi na ruhusa ya kwenda mahakamani.

Kifungu hiki hakimlazimu mbunge yeyote kuunga mkono uraia pacha. Anayeamini kwa dhati kwamba mtu awe na nchi moja ndiye anayepaswa kuwa wa kwanza kukipigia kura, kwa kuwa kinamhusu mtu aliyekwisha kuchagua nchi moja, na nchi hiyo ni Tanzania.