Vali Isiachwe Wazi

Muungwana aliyeshauri kwamba msafiri wa Marekani, akishaliegesha trela lake la kulala na kuliunganisha na shimo la maji taka la kambi, aiache wazi vali ya tangi la choo ili uchafu ujitokee wenyewe, ameghafilika, kwa taadhima zote, na tabia ya maji: hayo hutangulia upesi, na kinyesi na karatasi, vikikosa cha kuvichukua, husalia chini vikarundikana hata vikawa kama saruji. Vali na ifungwe mpaka tangi likaribie thuluthi mbili, ndipo limwagwe kwa mkupuo mmoja, kisha yafuatie maji ya sinki na bafu, yausuuze mpira wa kutolea uchafu. Ama dawa ya fomaldehaidi ya kutia tangini, ambayo muungwana huyo anaisifu, huua bakteria waozeshao uchafu shimoni, na gharama ya kulizibua humwangukia mwenye kambi, wala si yeye.