Mwanafunzi na Achunguze

Wako walimu wasemao ya kuwa kazi ya mwanafunzi wa uhandisi ni kusikiliza na kukariri hesabu za wakubwa, na kwamba uchunguzi ni wa wenye shahada. Maneno hayo twayakataa, wala si kwa ubishi mtupu.

Mwaka 1977 ilikamilika huko New York nyumba ya ghorofa 59 iitwayo Citicorp Center. Katika pembe moja ya kiwanja palikuwa na kanisa la Kilutheri, ambalo lilikubali kuuza ardhi yake kwa sharti la kujengewa kanisa jipya papo hapo. Kwa hiyo nguzo kuu za nyumba hazikuwekwa penye pembe, bali katikati ya kila upande. Mwaka 1978 mwanafunzi wa chuo, aliyekuwa akiichunguza nyumba hiyo kwa masomo yake, alipeleka swali kwa wahandisi. Mkuu wao, William LeMessurier, alieleza baadaye ya kuwa swali hilo ndilo lililomrudisha kwenye hesabu zake. Akapima nguvu ya upepo upigao penye pembe, akaona ya kuwa maungo ya vyuma, yaliyofungwa kwa bolti badala ya kuchomelewa, hayakuwa na nguvu ya kutosha. Mafundi wakayachomelea mabamba ya chuma usiku, na watu wa mji hawakupata habari mpaka mwaka 1995. Wataalamu wangali wakibishana juu ya ukubwa wa hatari ile. Lakini ni nani atakayesema kwamba swali lile halikustahili kuulizwa?

Twaambiwa: ni hasara kumpa mwanagenzi vyombo na saa za mwalimu. Twajibu: swali la mtihani, mwalimu analo jibu lake tayari, daraja halina jibu lililoandikwa nyuma ya kitabu. Asiyepata kujaribu, kukosea na kupima tena angali mbele ya mwalimu wake, atakosea juu ya vichwa vya watu. Ni kweli, uchunguzi mwingi wa wanafunzi hauvumbui neno jipya. Lakini huwazoeza kutoiamini hesabu kwa ajili tu ya ukubwa wa aliyeiandika. Chuo cha MIT cha Marekani kilifungua mlango huo mwaka 1969, Margaret MacVicar alipoanzisha mpango wa kuwaingiza wanafunzi wasio na shahada katika uchunguzi pamoja na walimu wao. Nao ungaliko hata leo.

Basi, enyi wazazi, mtoto wenu akiwaambia ya kuwa chuoni ashinda akipima na kupasua zege, msiseme karo imepotea. Wahenga walisema, Usipoziba ufa utajenga ukuta. Nasi twasema, aliyefundishwa kuutafuta ufa ndiye awezaye kuuziba.