Piko: Tumkamate Mchoraji au Pakiti?

Usiku wa kuamkia harusi, mchoraji wa hina huweka vibakuli viwili mbele yake. Kimoja kina tope la kijani lenye harufu ya majani na mafuta ya mkaratusi, limekorogwa kwa maji ya ndimu tangu mchana. Cha pili kina uji mweusi uliochanganywa sasa hivi, na mwenyewe anauwahi kwa kijiti kabla haujakauka. Hina italala mkononi hadi alfajiri. Piko ni nusu saa tu: inabanduliwa, na maua yamesimama, meusi tii, kingo zake kama zimekatwa kwa wembe. Nimekaa kwenye mikeka hiyo mara nyingi, na sijawahi kumshangaa bibi harusi anayechagua kibakuli cha pili.

Swali linalorudi kila msimu wa harusi, na kila mtalii anapopiga picha mkono uliovimba, ni kama piko ipigwe marufuku. Wanaotaka marufuku hujenga hoja yao juu ya neno moja: kemikali. Piko ni kemikali, wanasema, hina ni ya asili. Juu ya hatari niko pamoja nao. Hoja yenyewe ndiyo mbovu, na hoja mbovu huzaa sheria mbovu.

Hina nayo ni kemia. Jani la mhina lina molekuli iitwayo lawsoni, yapata asilimia moja hadi mbili ya uzito wa jani kavu, lakini nyingi imefungwa pamoja na sukari. Ndimu na subira huifungua, na hewa humalizia kazi. Lawsoni ni ya ukoo wa kwinoni, molekuli za kaboni ambazo kazi yake ni kupokea elektroni na kuzitoa tena. Ukoo huu una watu wengi. Vitamini K imo, na kwinoni nyingine husafirisha elektroni ndani ya seli zetu ili chakula kigeuke nguvu. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard walionyesha betri inayotunza umeme ndani ya kwinoni iliyoyeyushwa majini. Ya mkononi mwa bibi harusi hung'ang'ania keratini ya ngozi iliyokwisha kufa, tabaka la juu kabisa, na huishia hapo. Asubuhi rangi ni ya chungwa. Kwa siku moja au mbili oksijeni huizidishia wekundu mpaka watu waseme imekolea. Viganja na nyayo hukolea zaidi kwa sababu ngozi yake ni nene.

Sasa kibakuli cha pili. Piko nyingi hutokana na unga wa kupaka nywele wenye parafenilindiamini, kwa kifupi PPD. Hiyo haiji ikiwa nyeusi. Hewa au peroksaidi inapoinyang'anya elektroni, hugeuka kwanza kuwa molekuli ndogo yenye pupa, jamaa wa karibu wa kwinoni, ambayo hushikana na wenzake hadi kuwa molekuli kubwa nyeusi. Zile kubwa hazina makuu. Balaa ni zile ndogo ambazo hazijapata wa kushikana naye: hupenya hadi kwenye ngozi hai, zikadandia protini za mwili, na kinga ikaziandika kama adui. Mara ya kwanza pengine usione kitu, au mwasho uje baada ya wiki moja au mbili. Mara inayofuata mwili unakuwa ukingoja. Ndani ya siku moja hadi tatu malengelenge huibuka yakifuata mstari wa ua, jani kwa jani, mpaka unaweza kumtambua mchoraji kwa mtindo wake. Mzio huo kwa kawaida haupoi tena maisha yote, na huweza kuamka kwa dawa ya nywele, kwa rangi za baadhi ya nguo, hata kwa dawa za ganzi za jamii ya benzokaini.

Huo uchelewaji ndio unaovuruga mjadala wote. Mtalii wa Nungwi au Diani anakuwa amesharudi kwao ngozi inapoanza kuchemka. Mchoraji haoni, kwa hiyo anaapa, tena kwa ukweli wake, kwamba hajawahi kumdhuru mtu. Wa nyumbani naye anayeumia wiki mbili baada ya sherehe hulaumu sabuni, pweza, au jicho la watu. Wapo wanaoshauri mteja atiwe nukta ya majaribio nyuma ya sikio kwanza. Ushauri huo haunifai: nukta yenyewe yaweza kuwa ndiyo inayoufundisha mwili chuki, na sijui harusi gani itakayosubiri.

Umoja wa Ulaya unaruhusu PPD kwenye dawa ya nywele isizidi asilimia 2 inapopakwa kichwani, na hauruhusu kuchorea ngozi. Marekani nayo haijaiidhinisha kwa ngozi. Vipimo vya hina nyeusi, yaani piko, vimewahi kukuta zaidi ya asilimia 15. Kwetu vyombo vipo: TBS, ambayo tangu 2019 ndiyo inayosimamia vipodozi Tanzania Bara, mwenzake KEBS upande wa Kenya, na Zanzibar ina wakala wake wa chakula na dawa. Lakini tukisema marufuku piko, najua nani atakamatwa. Ni mama mwenye ndoo na mkeka ufukweni. Mwenye kontena hataguswa.

Nilinunua pakiti moja dukani. Picha ya mwanamke mwenye nywele ndefu, maneno "hina nyeusi", maelekezo kwa lugha ambayo hakuna nyumbani kwangu anayeisoma. Kiasi cha PPD hakikuandikwa popote. Hapo ndipo ningeanzia: hakuna pakiti kuvuka bandari bila asilimia kuandikwa kwa Kiswahili, hakuna kuiita hina kitu ambacho si hina, na onyo kubwa kwamba si cha ngozi wala cha watoto.

Na hina yenyewe isiachwe ijifiche nyuma ya neno asili. Madaktari wa Kuwait na Umoja wa Falme za Kiarabu wameeleza watoto wachanga waliopakwa hina wakapungukiwa damu ghafla. Walikuwa na upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, ambacho husaidia chembe nyekundu kustahimili molekuli za aina ya lawsoni. Upungufu huo ni wa kawaida katika maeneo ya malaria, yaani hapa kwetu, na sisi pia hupaka vichanga. Tenganisho la asili na kemikali halimsaidii mtoto huyo.

Mchoraji wangu wa miaka mingi siku hizi huvaa glavu mkono wa kulia anaposhika kijiti cha piko. Nilipomuuliza, alisema vidole vilikuwa vimeanza kupasuka. Mbele yake alikaa msichana wa miaka kama saba, ameshanyoosha kiganja, anangoja maua yake.